Kabla ya kubonyeza N

Wasee, wiki jana nilijijengea kerneli ya Linux ili laptopu yangu ya mtumba iwe nyepesi. Kila draiva ina swali: Y, iingie ndani ya kerneli, M, ikae kando kama moduli, N, iachwe. Maelezo mengi humalizia hivi: kama huna uhakika, jibu N. Basi nikabonyeza N kama mtu anayekimbizwa. Kuwasha, Wi-Fi hakuna, na video ya mteja ilikuwa inangojwa usiku huo. Kerneli ya zamani ndiyo iliniokoa. Hapo nikaandika lspci -k, nikaiona draiva niliyoikataa. Ushauri ni poa, lakini ni wa mtu anayeijua mashine yake. Hata chuo niliingia hivyo tu: nilijibu Y bila kusoma maelezo.