Riba Nayo Ipimwe kwa Gorogoro Moja

Mimi ni mtoto wa Khunyangu, na mama yangu ameuza mahindi na maharagwe sokoni Busia tangu nikiwa shule ya msingi. Somo la kwanza alilonipa pale sokoni lilikuwa hili: kabla ya kuuliza bei, igeuze gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, utazame kitako. Kikiwa kimebonyezwa kwa ndani, bei utakayotajiwa haina maana.

Somo hilo hunirudia hapa Minnesota kila ninapofungua taarifa ya kadi yangu ya mkopo. Riba imeandikwa kwa mwaka, wazi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 iliwalazimisha wakopeshaji kutumia kipimo hicho kimoja. Ile ya 2009 ikaongeza kwamba mteja aelezwe deni litamchukua muda gani kuisha akilipa kiwango cha chini tu.

Kwa kuwa kipimo ni kimoja, kadi yenyewe hunisimulia hali ya uchumi. Mapema mwaka 2022 riba ya Federal Reserve, benki kuu ya huku, ilikuwa karibu na sufuri. Mfumuko wa bei ulipozidi, ilipandishwa mfululizo hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5 Julai 2023. Riba za kadi nyingi zimefungwa kwenye riba hiyo, basi wastani wake ukapanda kutoka chini ya asilimia 15 hadi zaidi ya 21. Benki kuu ilipopunguza riba mwishoni mwa 2024, riba za kadi zilishuka kwa kujikokota, zikabaki juu ya asilimia 20. Hapo nikajua kwamba nafuu inayotangazwa juu haimfikii mkopaji upesi kama inavyomfikia taabu.

Nyumbani Kenya, mkopo wa wengi uko kwenye simu. Huduma ya M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ilipozinduliwa Novemba 2022, ilitaja asilimia 8 kwa mwaka. Muuza omena akisikia 7.5 na 8, atasema ya kwanza ni nafuu. Lakini 7.5 ya kila mwezi, kwa miezi 12, ni 90. Ni gorogoro mbili za ukubwa tofauti juu ya meza moja, na mnunuzi hajaambiwa.

Kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019, sheria ya Kenya ilizuia riba ya benki isizidi ile ya Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4. Mikopo ya simu ilitozwa ada, na kwa kuwa ada haikuitwa riba, kikomo hicho hakikuigusa. Benki Kuu ilipopandisha riba yake hadi asilimia 13 Februari 2024, kisha ikaishusha hadi 10 kufikia Aprili 2025, ada za simu hazikuwa zimefungwa kwenye ngazi hiyo. Kwa hiyo mkopo wa simu haumwambii mama yangu uchumi unaelekea wapi.

Wala si kwamba mama hajui kusoma uchumi. Januari 2024, dola ilipopita shilingi 160 za Kenya, aliniambia kwamba wabadilishaji fedha pale mpakani wanampa takriban 24 za Uganda kwa shilingi yetu moja, na kwamba mahindi ya ng'ambo yatapanda. Miezi michache baadaye dola ilirudi karibu na 130, naye akapata kama 28. Akaongeza magunia. Hakuna aliyemsomea ripoti. Namba ilikuwa wazi, kwa kipimo anachokijua.

Ndiyo maana nasema tunachokosa ni kipimo. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali ni mwanzo mzuri. Ninachotaka sasa ni ujumbe mmoja, kwa Kiswahili, kabla ya mtu kubonyeza "kubali": unachukua kiasi gani, utarudisha kiasi gani, na kwa mwaka riba ni asilimia ngapi, hata kama wanaiita ada.

Jumapili iliyopita mama alinipigia. Kuna mkopo mpya ametangaziwa, asilimia 6. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Nimewauliza: ya mwezi au ya mwaka? Bado nasubiri wanijibu."