Gari Chini, Roho Juu Juu!

Msomaji wangu, kama umewahi kumwona kijana mmoja pale Sinza anavuka tuta kwa ubavu kama kaa, foleni nyuma yake inapiga honi na konda wa daladala anamtukana bila kupumzika, usijiulize tena. Alikuwa mimi.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza. Toyota waliyatengeneza kati ya 1998 na 2005, na vijana wa mjini bado tunayapenda. Nilipolinunua lilikuwa na urefu wake wa kiwandani na halina tatizo lolote. Tatizo lilikuwa mimi. Kijiweni masela walilitazama wakasema, "Mshikaji, gari limesimama kama mbuzi! Lishushe bwana." Nami nikaona kweli, gari lisilolala chini si bomba.

Njia ya heshima ya kushusha gari ni kununua springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na shokapu zake. Njia ya mtu ambaye mshahara haujatoka ni grinda. Fundi mmoja wa chini ya mwembe alizitoa springi zote nne, akakata mizunguko miwili kila moja, akazirudisha. Jioni nikapita kijiweni taratibu, kioo chini, muziki juu. Masela wakapiga miluzi. Basi bwana, nikajiona mfalme wa jiji.

Ufalme ule ulidumu mpaka tuta la kwanza. Kwaruuu!

Kuna mambo kijiweni hawakwambii. Springi ikikatwa haiwi fupi tu, inakuwa ngumu pia, kwa hiyo kila kishimo unakisikia mgongoni. Shokapu inabanwa, haina nafasi ya kucheza, inakufa mapema. Tairi zinalala, zinalika upande wa ndani: ukizitazama kwa nje ni mpya, ukiinama uchungulie ni upara mtupu. Na tumboni mwa gari kuna vitu vya hela. Kuna bomba la ekzosti, na kuna sampo, lile bakuli linalobeba oili ya injini.

Nikajifunza sauti zote. Bampa likigusa linakwaruza kama mtu anaburuta ndoo ya plastiki. Ekzosti inalia kama bati. Sampo inasema "ko!" mara moja tu, na moyo wako unaitikia.

Nikajifunza na mbinu. Tuta huliendei uso kwa uso, unalikata kwa pembeni, tairi moja moja. Breki unashika kabla, ukifika kwenye tuta lenyewe unaachia, maana breki inainamisha pua ya gari. Uzito nao ni adui: lita 50 za petroli ni kama kilo 37, na kila mtu anayepanda nyuma anazidi kulishusha. Dimbwi la maji usilivuke kama hujui shimo lake. Usiku unatandika boksi chini ya injini, asubuhi unakagua kama kuna tone la oili kabla hata hujapiga mswaki.

Kuna sista mmoja nilimtoa mtoko, kavaa viatu vya kisigino. Nilimwomba ashuke mara tatu ili gari livuke matuta. Mtoko wa pili haukuwepo.

Nikawa najifariji kwamba haya mambo yana wenyewe. Kule California, Marekani, vijana wenye asili ya Mexico ndio waliovuma kwa magari ya chini. Sheria ya huko ya 1958 ilikataza gari kuwa na sehemu iliyo chini kuliko rimu zake. Mwaka 1959 jamaa mmoja aitwaye Ron Aguirre akafunga haidroliki kwenye gari lake: akitaka linalala, akitaka linanyanyuka. Katazo hilo lilikuja kuondolewa kuanzia Januari 1, 2024. Lakini ona tofauti, msomaji. Wenzetu walikuwa na swichi ya kupandisha. Mimi nilikuwa na grinda, na grinda hairudishi ilichokata.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Mama yangu anakaa Kimara, kule ndani. Ukiacha Barabara ya Morogoro unapanda mlima wa vumbi wenye makorongo yaliyochimbwa na mvua. Zamani kila Jumapili nilikuwa kwake. Nilipolishusha gari, nilijaribu mara moja tu. Likakaa tumbo kwenye kigongo cha katikati ya njia, haliendi mbele wala nyuma, mpaka vijana wa pale wakalinyanyua kwa hela.

Jumapili iliyofuata nikampigia simu: "Shikamoo mama. Nimefika, ila nakusubiri huku chini kwenye lami." Akasema, "Marahaba baba, nakuja." Akashuka mlima kwa miguu, kikapu mkononi, vitumbua ndani. Tukakaa kwenye gari nusu saa, tukapiga stori, akapanda zake mlima.

Ikawa ndiyo mtindo. Miezi minane! Miezi minane mama wa watu anashuka mlima kumsalimia mwanaye anayeogopa kukwaruza bampa. Hakulalamika hata siku moja. Mimi nikawa najiambia anapata mazoezi.

Ikafika Aprili, masika imechachamaa. Niko pale pale kwenye lami, feni ya gari inapuliza, simu ikaita. Jirani yake: "Njoo huku juu. Mama kateleza kwenye korongo."

Sikufikiri tuta wala kigongo, nikaingiza gari mlimani. Halikufika mbali. "Ko!" Taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikazima injini hapo hapo. Na wewe shika hilo: taa hiyo ikiwaka usijisogezesogeze, maana sampo inabadilishwa, lakini injini ikikauka oili imekwisha kazi. Nikashuka, nikapanda kwa miguu kwenye matope. Ndiyo nikajua ule mlima una urefu gani.

Nilimkuta kakaa kwenye kigoda cha jirani, mguu umevimba, kikapu kiko pembeni, vitumbua vimetapakaa kwenye tope. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Pole baba, umelowa."

Aliyemshusha ni dereva wa bajaji. Bajaji, msomaji! Magurudumu matatu, ikapita pembeni ya Altezza yangu iliyolala katikati ya njia inavuja oili. Mama akalichungulia, akaniuliza, "Limekuwaje?" Nikamwambia limepasuka chini. Akasema, "Basi tumekuwa wawili. Wote hatupandi mlima."

Alitania, lakini mimi nilitamani ardhi inimeze. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika. Akafungwa plasta wiki sita.

Tulipomrudisha nyumbani ndipo nikaona mengine. Mwembe wa uani haupo. Upepo uliuangusha tangu Desemba, ukabomoa banda la jiko, na mama alikuwa anapikia barazani. Nikamuuliza kwa nini hakunambia, wakati tunaonana kila Jumapili. Akajibu taratibu, "Ningekwambia, ungetaka kuja. Na gari lako haliwezi."

Wiki ile ile nikaenda Gerezani, nikanunua springi nne za mtumba, zenye urefu wake kamili, na sampo nyingine. Fundi akafunga. Kijiweni wamecheka mpaka wamechoka: "Oya, mbona mbuzi kasimama tena?" Nimewaacha wacheke. Wao hawakai Kimara.

Sikukatazi kushusha gari, msomaji. Gari chini linapendeza, na siku likipita nitageuka kulitazama. Ila kabla hujampa fundi grinda, usipime matuta peke yake. Hesabu na watu wako wanaokaa mwisho wa barabara mbovu, ujiulize nani atashuka kwa miguu kwa ajili yako.

Mama anatembea sasa, banda la jiko limesimama. Jumapili hii niko kwake, gari nitaliegesha mlangoni kabisa.