Muswada Haukimbizwi

Sisi tuliosoma Usangi na Ugweno kabla Wilaya ya Pare haijagawanywa kuwa Same na Mwanga, tuliandika miswada kwa mkono na kuinakili kwa mkono, na aliyempata karani mwenye taipu alimlipa kwa ukurasa. Ukurasa ukiharibika, ulilipiwa tena. Ndiyo maana sentensi ilipimwa kichwani kabla haijagusa karatasi. Bahasha iliteremshwa mlimani, ikapanda basi la Dar es Salaam, na jibu la mchapishaji likasubiriwa msimu mzima wa kahawa. Baada ya Vita vya Kagera karatasi nayo ikaadimika, hata miswada iliyokubaliwa ikalala makabatini. Wengi wetu hawakuchapishwa kamwe, wala hawakuacha kuandika.

Kijana wa leo huandika kwenye simu akiwa Kileo wilayani Mwanga, na jioni amesomwa Mombasa na Muscat. Namfurahia bila kinyongo. Anayo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Enzi zetu tungeifuata kwa miguu. Ninachokiona kwa huzuni ni muswada unaopelekwa mtamboni ukiwa mbichi, mhariri akihesabiwa kuwa gharama. Wanetu, muswada usomeni kwanza kwa sauti mbele ya mtu asiyewaogopa. Mkataba nao usomeni hadi kifungu cha mrabaha. Anayedai fedha zenu kwanza ni mpiga chapa, si mchapishaji: mlipeni ujira wa mpiga chapa, msimwachie hakimiliki.

Lakini ufundi huanza kabla ya kalamu. Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu, katika miaka ya 1960 aliketi na wazee wa milima hii, akalinganisha simulizi za ukoo huu na za ukoo ule, zikiwamo za Washana waliofua chuma na za Wasuya waliowapokonya utawala wa Ugweno. Kitabu chake kilitoka Nairobi mwaka 1969, kwa Kiingereza, na hadi leo anayeandika historia ya Upare hawezi kukiruka. Kilidumu kwa sababu mwandishi aliuliza, akauliza tena, ndipo akaandika.

Riwaya ya Kiswahili juu ya wafua chuma wale, mimi sijaisoma. Wazee waliosimuliwa habari hizo na babu zao wangalipo Usangi na Ugweno, nao ni wachache. Wanetu, pandeni mkawaulize kabla ya masika.