Tone Moja la Chanjo

Kuku ni mali ya mnyonge. Ng'ombe hutaka malisho na mbuzi hutaka mchungaji, lakini kuku hujitafutia riziki yake uani, na jioni hurudi tunduni bila ya kuitwa. Kwa sababu hii mali hiyo aghalabu hudharauliwa, na mwenyewe huijua thamani yake siku inapotoweka.

Mimi niliijua mapema mwaka 2009, nilipokuwa katika kidato cha kwanza. Nyanya yangu, kijijini karibu na Kakamega, alikuwa na kuku 31, na sehemu ya karo yangu ilitegemea kuuzwa kwao. Kideri kikaingia. Siku ya kwanza kuku watatu walijikunyata wakihema kwa midomo wazi. Ya pili wakaharisha kinyesi cha kijani, na shingo za wengine zikapinda. Juma halikwisha ila alibaki temba mmoja. Nyanya hakulia. Alifagia manyoya uani, akawafukia wafu, akanyamaza. Shuleni nilichelewa kurudi kwa majuma matatu.

Ugonjwa huo hauna dawa. Wazungu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Huenea kwa kinyesi, kwa viatu, na kwa kuku anunuliwaye sokoni. Lisiloponyeka halina budi kuzuiwa, na kinga yake ni chanjo. Katika elimu ya chanjo mwanadamu ana deni kwa kuku: mwaka 1879, huko Ufaransa, Louis Pasteur aliona kuwa kuku waliotiwa vijidudu vya kipindupindu cha kuku vilivyozeeka na kudhoofika hawakufa, na baadaye walistahimili vijidudu vikali.

Likizo ya Agosti ilipofika, temba wetu alikuwa ameatamishwa mayai aliyotuletea shangazi, na siku ya 21 akaangua vifaranga 12. Nikaenda mjini kununua chanjo. Mwuzaji akanionya mambo matatu: isipatwe na joto wala jua, ikiisha kuchanganywa itumiwe papo hapo, kwani hailali hadi kesho, na kuku mgonjwa asichanjwe. Nikaileta katika thamosi yenye barafu. Nilipofika nyumbani nikasoma kibandiko: dozi 100.

"Sisi tuna vifaranga 12, na mama yao ni wa 13," akasema Nyanya. "Hizo 87 zitakwenda wapi?"

"Zitamwagwa, Nyanya."

Akatazama ng'ambo ya ugo. Huko alikaa jirani ambaye hakusemezana naye tangu kile kideri, kwa kuwa Nyanya aliamini kwamba maradhi yaliletwa na jogoo ambaye jirani huyo alimnunua sokoni. Alisimama kitambo kirefu.

"Mjukuu wangu," akasema, "kuku wake hulala kwake, lakini hushinda kwetu. Tukichanja wetu na kuwaacha wake, tumefunga mlango na kuacha dirisha. Nenda ukamwite."

Kesho yake alfajiri jirani alikuja na kapu la vifaranga, na nyuma yake wakaja wengine. Yeye alimshika kila kifaranga kiganjani na kumlaza kichwa ubavu, mimi nilidondosha tone moja jichoni, nikangoja apepese, Nyanya alihesabu.

"Mama," jirani akasema kwa sauti ndogo, "yule jogoo, sikujua kuwa ni mgonjwa."

"Arobaini na moja," Nyanya akajibu. "Shika vizuri, mwanangu, usinipotezee hesabu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mapatano yao, na sikusikia mengine. Hata jua lilipopanda tulikuwa tumechanja kuku 94.

Si wote waliokua. Mwewe alichukua wawili katika wetu. Lakini kila baada ya miezi minne tulirudia chanjo, na kideri kilipovuma tena mwaka uliofuata, ua wetu na wa jirani haukufagiwa manyoya. Karo yangu ya muhula huo ililipwa kwa wakati.

Tangu hapo nimeamini kuwa aliyeitengeneza chupa ile kwa kuku 100 alituzidi hekima bila ya kukusudia. Maradhi hayaujui ugo. Na mwenye kutaka kuyazuia hana budi naye kuusahau, japo kwa asubuhi moja.