Mawe Mangapi

Tafuta YouTube kompyuta ya bei nafuu ya mwanafunzi wa usanifu majengo. Utaletewa jamaa aliyeketi kwenye chumba chenye kiyoyozi, anakuambia kwa tabasamu kuwa ukiwa na dola elfu moja tu unaweza kuanza. Elfu moja tu! Hizo ni karibu shilingi laki moja na thelathini za Kenya. Vifaa anavyovitaja vinafika mlangoni kwake kesho yake, na video nzima stima haipotei hata mara moja.

Mimi nilikuwa na 65,000, na hazikuwa zangu.

Zilikuwa za ami. Ami yangu anachonga mawe machimboni huku Waa, yale mawe meupe ya matumbawe ambayo nusu ya nyumba za pwani hii zimejengewa. Bintiye anasoma diploma ya usanifu majengo Mombasa. Anavuka feri alfajiri, anarudi magharibi. Huku kwetu mtoto wa ami haitwi binamu, ni ndugu yako, basi nitamwita dadangu.

Laptopu aliyokuwa nayo ilikuwa nzuri ya kuandikia barua. Revit ilifunguka ukiipa muda wa kuchemsha chai. Enscape, ile programu ya kugeuza mchoro kuwa picha ambayo mtu wa kawaida anaweza kuielewa, iligoma kabisa. Wenzake wakileta picha za nyumba zenye kivuli na jua, yeye alileta mistari. Na mwisho wa muhula kulikuwa na mradi mkubwa wa kuwasilisha: nyumba ya familia, kijijini, kwa vifaa vya mahali. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Kuna jambo lingine lazima niliseme ili mwelewe uzito wa hizo pesa. Mimi pia nilikuwa chuoni, kwenye kozi ya kompyuta. Mwaka wa pili karo ikaisha, nikarudi nyumbani, na tangu hapo naishi kwa kuandikia watu makala kwenye mtandao. Sehemu ya karo ile iliyokwisha ilitoka mfukoni mwa ami huyuhuyu. Hajawahi kunitajia. Siku aliponitumia hizi 65,000 alinipigia simu akasema, "Wewe ndiwe unayejua mambo hayo, mwanangu." Basi. Afadhali angenigombeza.

Nilianza kwa kumkalisha dadangu chini nimuulize anachora nini hasa. Video nyingi hazifanyi hivyo. Zinakuuliza una pesa ngapi, halafu zinakujengea mashine ya gemu. Mtu wa usanifu ana kazi mbili tofauti. Anapochora kwenye Revit, kazi nyingi zinapita kwenye kiini kimoja cha prosesa, kwa hivyo viini vinane vya polepole havimsaidii kama vinne vyenye kasi. Anapotoa picha kwenye Enscape, mzigo unahamia kwenye kadi ya grafiki na kumbukumbu yake. Katikati ya hizo mbili kuna RAM, ambayo ikiwa 8GB utaijutia. Ukishajua hivyo, orodha inajiandika yenyewe.

Kununua vipande vipya kimoja kimoja sikuwaza hata dakika. Mombasa kuna maduka ya kompyuta za mtumba zilizotolewa maofisini Uingereza, zile tunazoziita ex-UK. Niliitaka Dell OptiPlex 7050, ile ndefu wala si ile nyembamba, yenye prosesa ya i7-7700. Ina viini vinne vinavyopanda hadi 4.2GHz, na nafasi nne za RAM. Bei zake zimeteremka, na sababu moja iko wazi: Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hii haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Ofisi ya Ulaya inaiona takataka. Kwangu mimi ilikuwa shilingi 30,000, na 8GB ya RAM ndani yake.

Ile ndefu niliitaka kwa sababu inameza kadi ya grafiki ya ukubwa kamili. Hapo ndipo tulipozozana na kijana wa dukani.

Alinitolea RX 580 yenye kumbukumbu ya 8GB. Bei 13,500. Pembeni kulikuwa na GTX 1650 ya 4GB, bei ileile. "Kaka, hapa unafikiria nini? Nane na nne, hesabu ya darasa la kwanza." Kweli hesabu ni ya darasa la kwanza, lakini haiishii hapo. Pawa saplai ya Dell hii inatoa wati 240. Prosesa inataka 65. RX 580 peke yake inataka 185, na waya wa pini nane ambao Dell hii haina. Huwezi pia kuchomoa pawa saplai hiyo ukatia yoyote ya dukani, kwa maana Dell walitumia plagi zao wenyewe kwenye bodi. GTX 1650 ile isiyo na tundu la waya inakula wati 75 tu, zote kutoka kwenye bodi anakopachikwa. 65 na 75 ni 140, weka feni, diski na mengine, bado unapumua.

Kijana akasema kuna adapta. Nikamwambia najua kuna adapta. Pia kuna watu wanaovuka bahari kwa ngalawa ya mpasuko.

Nilikuwa nimekuja na flashi yenye FurMark, programu ya kuichosha kadi kwa makusudi. Nikaiacha iende dakika kumi na tano huku yeye akitazama saa. Joto lilipanda, likatulia, picha haikukatika. Nikapima na afya ya diski pia. Sijui kwa nini watu wanaona haya kufanya hivi. Ukinunua papai unalibonyeza.

RAM nyingine ya 16GB, 6,000, jumla ikawa 24. Diski ya 1TB ya kuwekea miradi, 2,500. Skrini ya mtumba ya inchi 24 waliitaja 8,000, nikaishusha hadi 7,500. Zikabaki 5,500, na kila mtu alikuwa na lake la kusema juu ya hizo. Dadangu alitaka SSD kubwa zaidi. Rafiki yake alisema aongezee apate kadi bora. Mimi nilinunua UPS.

Walinuna wote wawili. UPS haionekani kwenye picha, haiongezi kasi, ni kisanduku kizito kinacholia lia. Lakini tunakaa Waa. Stima hapa hupotea bila salamu, ikarudi kwa kishindo, na mara nyingine kishindo ndicho kinachoua kifaa. UPS ya 650VA inampa dakika chache tu mashine ikiwa kazini. Dakika chache ndizo zinazotakiwa: hifadhi, zima, kalale.

Kurudi nyumbani nilikibeba kile kisanduku kwenye feri kimefungwa leso ya mama, kama mtoto mchanga. Abiria wa miguu Likoni hawalipi, lakini kondakta wa matatu upande wa pili aliniambia mzigo ule ni mtu, anakaa kiti. Nikalipia viti viwili.

Ami alikuwa barazani, vumbi jeupe bado kwenye nyusi. Akaniuliza kila kipande bei yake. Kwa kila jibu alinyamaza kidogo, na nilijua anafanya nini, kwa sababu ami huhesabu kila kitu kwa mawe. Mfuko wa unga una mawe yake, karo ina mawe yake. Nilipofika kwenye kadi ya grafiki, kitu cha ukubwa wa mkate, alikigeuzageuza mkononi.

"Hiki ni mawe mangapi?"

Swali lilikuwa lake na jibu alikuwa nalo. Akanirudishia taratibu kwa mikono miwili.

Usiku ule nilifungua kila kitu, nikapangusa vumbi la Uingereza, nikabadilisha ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, maana iliyokuwepo ilishakauka kama chokaa. Mashine tuliipandisha juu ya stuli mbali na dirisha la upande wa bahari. Chumvi ya hewa hii inakula misumari, sembuse bodi. Ikizimwa inafunikwa leso. Ikiwashwa leso inaondolewa, na hili nililiandika kwenye karatasi nikabandika ukutani.

Revit ikafunguka kabla chai haijamiminwa. Enscape ikafunguka.

Tatizo likawa jingine. Dadangu alichora nyumba yake ya matumbawe, akaenda kwenye maktaba ya programu kutafuta sura ya jiwe. Matofali mekundu ya kila aina yalikuwepo, marumaru, mbao za nchi za baridi. Jiwe letu hakuliona. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mawe ya namna hii, Msikiti wa Kongo kule Diani una kuta zake, na bado kwenye maktaba yake ilikuwa kama halijawahi kuwepo. Akachukua simu, akaenda machimboni kwa babake mchana jua likiwa utosini, akapiga picha jiwe moja moja, likiwa limekatwa jana, likiwa limenyeshewa, likiwa limekaa miaka likaota weusi. Akazisafisha, akazivisha kuta za nyumba yake. Makuti nayo akayapiga picha kwenye banda la jirani.

Picha ya kwanza kamili ilitoka Ijumaa usiku, kwa dakika chache tu. Alimwita babake. Ami akaingia, akasimama nyuma ya kiti, akatazama muda mrefu. Mimi nilikuwa mlangoni, na nakiri tumbo lilinikaza.

"Kona hii," akasema, akagusa skrini kwa kidole chenye vumbi. "Nani kalaza mawe hivi?"

"Mimi, baba."

"Viungo vimepangana, juu mpaka chini. Huu ukuta utapasuka." Akavuta kigoda. "Jiwe la juu lazima lipande mabega ya mawili ya chini. Tena hapo dirishani hujaweka kitu cha kubeba."

Akafuta lile doa kwa upindo wa buibui, akarudi kwenye mchoro. Ami akaelekeza, yeye akasogeza, ami akakataa, akasogeza tena. Ilipofika saa nne na nusu stima ikakatika nyumba nzima. UPS ikaanza kulia gizani. Nikamsikia akibonyeza kuhifadhi, na ami akiuliza kama ile kona imebaki.