Sahihi ya saa kumi alfajiri

Wengi huniuliza kazi ya kutunza wazee Uingereza ikoje. Wengine hucheka tu: "Umesoma kote kule ukaenda kuosha vibibi!" Haya, chekeni. Leo nasimulia habari ya karatasi moja iliyoninyima usingizi.

Kwenye makao ya wazee, mtu asiyeweza kujigeuza kitandani huwekewa karatasi ya kugeuzwa. Bibi mmoja niliyemhudumia mwaka 2023 alitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Ukimgeuza, unaandika saa na kutia sahihi. Mwili ukilalia sehemu moja muda mrefu damu haipiti vizuri, ngozi inaanza kufa, ndipo vinapokuja vidonda vya kulalia, hasa kwenye visigino, nyonga na chini ya mgongo. Kwa mzee dhaifu, kidonda cha namna hiyo kinaweza kufika mfupani na kumuua.

Sasa piga hesabu. Usiku tulikuwa wawili kwa wazee 31, na kumgeuza yule bibi kulitaka watu wawili. Tukiwa naye, kengele zinalia: huyu anataka choo, yule ameanguka, na babu mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau yuko mlangoni amevaa koti, anawahi kazi aliyostaafu zamani. Ikifika saa kumi alfajiri, mwenzangu anachukua kalamu na kujaza nafasi zote zilizo wazi. "Mdogo wangu, hapa ndivyo tunavyofanya. Wakaguzi wanaangalia karatasi." Nami nikatia sahihi. Tena si mara moja.

Asubuhi moja namwosha, nikaona wekundu kwenye kisigino. Nikabonyeza kwa kidole kama tulivyofundishwa. Ngozi ya Mzungu ikiwa nzima, ukiibonyeza inakuwa nyeupe kisha rangi inarudi. Ule wekundu haukubadilika, na hiyo ndiyo dalili ya mwanzo. Kwa mujibu wa karatasi, bibi aligeuzwa mara sita usiku ule. Kisigino kilisema vingine.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu wa Tanga. Alipopata kiharusi alilala ndani miezi mingi, amezungukwa na mabinti na wajukuu. Hakukosa uji wala wa kumfariji. Ila hakuna aliyetuambia habari ya kumgeuza. Akilala kimya tunasema mwacheni apumzike. Kidonda tulikijua kwa harufu. Kwa hiyo nikisikia watu wanasema Wazungu hawana upendo, ndiyo maana wanawatupa wazazi wao, nanyamaza. Kwetu upendo ulikuwepo, ujuzi haukuwepo. Huku ujuzi upo hadi kwenye karatasi, mikono ndiyo haikutosha.

Niseme au ninyamaze? Viza yangu ilitegemea mwajiri yuleyule. Kazi ikikatika, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mwajiri mwingine mwenye kibali, au ufunge virago. (Njia hiyo ilifungwa kwa waombaji wapya wa kutoka nje Julai 2025, lakini tulioingia kabla bado tupo.) Nyumbani ada za shule zinanisubiri. Halafu kuna sahihi yangu: nikisema, najishtaki na mimi.

Nikamwonyesha msimamizi wa asubuhi kile kisigino. Usiku uliofuata nikaandika ukweli. Saa nne, kageuzwa. Saa sita, hakugeuzwa, tupo wawili na mwenzangu yuko na aliyeanguka. Meneja akaniita: "Unataka tufungiwe?" Nilitetemeka, jamani. Sheria ya mwaka 1998 inamlinda mfanyakazi anayefichua hatari kazini, lakini ukiwa ofisini kwa bosi anayeshikilia viza yako, sheria hiyo unaiona iko mbali sana. Nilipotoka nikapiga simu halmashauri, kitengo kinacholinda watu wazima walio hatarini.

Nesi akaja. Bibi akapata godoro la hewa, na mguu ukawekewa mto ili kisigino kisiguse kitanda. Wekundu uliisha kabla ngozi haijapasuka. Baada ya wiki kadhaa tukaongezewa mtu wa tatu usiku. Meneja hakunisalimia vizuri tena, lakini kazi sikufukuzwa.

Kwa hiyo ukitaka kujua ubora wa makao, soma ripoti za wakaguzi, ni vizuri. Kisha uliza: usiku mko wangapi? Na karatasi isiyo na nafasi tupu hata moja, mimi siku hizi inanitia shaka.

Nanyi wenye mgonjwa wa kitandani huko nyumbani, mgeuzeni, hata kama amelala. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: pana joto? Ni pagumu? Panauma? Anzeni na visigino.

Alamsiki.