Mkutano Uitwe Mbalamwezi

Mbiu hupigwa jioni: kesho saa nne asubuhi, mkutano mkuu wa kijiji, wote mnaombwa kuhudhuria. Lakini saa nne ya mwambao wetu huku Kipili, ndugu msomaji, si saa nne ya Namanyere kwenye ofisi za wilaya. Mvuvi wa dagaa karudi toka ziwani alfajiri, amelala fofofo. Mkewe yuko mwaloni, dagaa wameanikwa na jua ndilo hilo. Akiondoka, kuku watamaliza mtaji. Basi chini ya mwembe huketi wazee, wenye maduka na sisi vijana tusio na nyavu. Ndio hao "wananchi wameafiki" unaowasoma kwenye muhtasari.

Nimeisoma Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, ile ya Mamlaka za Wilaya. Mkutano Mkuu, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18, ndio wenye kauli ya juu katika mambo ya kijiji. Halmashauri ya watu 15 hadi 25 iko chini yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikakaza zaidi: halmashauri haimgawii mtu ardhi ya kijiji mpaka mkutano ukubali kwanza. Maana yake mgeni anayetaka eneo la kujenga hoteli sharti amsubiri mama wa dagaa anyooshe mkono. Sasa mama wa dagaa mwenyewe hayupo!

Na hata akiwepo, kuna ajenda. Kufungua, taarifa, taarifa tena, halafu Mengineyo. Shida zetu zote zinalala humo kwenye Mengineyo, na ikifika zamu yake jua limekuwa kali, mtendaji anatazama saa. Katika kijiji kimoja cha mwambao huu nilimsikia mama mmoja akiulizia mapato na matumizi, ambayo yapaswa kusomwa kila miezi mitatu.

"Mama, hilo tutaliweka mkutano ujao."

"Ujao wa mwaka gani, ndugu mwenyekiti?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakuketi. Alisimama palepale, kanga kaifunga kibwebwe, mpaka daftari likaletwa. Ukasomwa ukurasa mmoja na nusu. Si haba.

Tumezoeshwa kutangaziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Sawa, jambo hilo ni la nchi zote nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, kijiji kimoja hakiwezi kuliamua. Samaki hajui mpaka. Lakini nyumba ya mvuvi itakula nini miezi mitatu, na deni la nyavu litasogezwa vipi, hayo ni ya kwetu kabisa, na ya kukaliwa mapema, si baada ya mitumbwi kuvutwa mchangani.

Mimi naona dawa tunayo. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, wavuvi hupumzika siku kadhaa, na mama zetu hawana cha kuanika. Mkutano uitwe siku hizo, saa kumi jioni, Mengineyo iwe ya kwanza. Mtendaji akisema hajui mwezi utakuwa mpevu lini, awaulize watoto wa mwaloni.